Kijiti Kinachokunywa Maji ya Chumvi

Mtu anayekaa Likasi, Kolwezi ao Fungurume anajua vile vilima vya shaba ambako miti mikubwa haioti. Kunaota majani mafupi tu, na maua madogo yaliyozoea udongo ule mkali. Mbali na kwetu, katika majangwa, kuna udongo mwingine mgumu hivyo: udongo wa chumvi. Kule mvua ni haba, haiwezi kuosha ardhi. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, mwaka kwa mwaka, mpaka ardhi inaonekana nyeupe. Hata hivyo kuna vijiti vinavyoishi pale pale. Namna gani?

CHUMVI INAUA KWA KIU

Mama anayepika makayabu anajua mwanzo wa jibu. Samaki yule amewekwa chumvi, na chumvi imemvuta maji, ndiyo sababu haozi upesi. Maji yanafuata chumvi: yanatoka pahali chumvi ni kidogo, yanaenda pahali chumvi ni nyingi.

Sasa fikiri mzizi wa mahindi katika udongo wa chumvi. Chumvi ya inje inashinda ile ya ndani, na mzizi hauwezi tena kuvuta maji. Mmea unakufa kwa kiu, hata kama udongo uko na maji! Jambo hilo hilo linatokea katika mashamba yetu mtu anapomwaga NPK nyingi juu ya mbegu. Mbolea ile nayo ni chumvi, na mahindi "yanaungua". Basi weka kidogo, mbali kidogo na mbegu, wakati udongo umelowa.

VIJITI VIWILI VYA BIBLIA

Katika Ayubu 30:4 tunasoma juu ya maskini waliofukuzwa, wanaong'oa mboga za porini ili wale. Jina la mboga ile katika Kiebrania, malluah, linatoka katika neno "chumvi". Wataalamu wengi wanafikiri ni kijiti kinachoitwa Atriplex halimus, ambacho kinaota mpaka leo katika jangwa la Negev na katika Afrika ya Kaskazini.

Kijiti hiki hakiikatai chumvi. Kinaiingiza, halafu kinaifungia katika vyumba vidogo sana ndani ya majani, mbali na pahali ambapo kazi ya uhai inafanyika. Kwa hiyo chumvi ya ndani inashinda ile ya udongo, na maji yanakubali kuingia. Chumvi inayozidi inapelekwa katika vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani. Vifuko vikijaa vinapasuka na kukauka, na jani linabaki na unga mweupe unaopunguza ukali wa jua.

Kijiti cha pili kiko katika Mwanzo 21:33, pale Abrahamu anapopanda mti huko Beer-sheba. Biblia nyingi za Kiswahili zinaandika "mkwaju". Lakini neno la Kiebrania, eshel, ni tamariski, mti wa jangwa, si ule mkwaju wa matunda makali tunaoujua. Tamariski inavuta maji ya chumvi kutoka chini, kisha inaitoa chumvi kupitia matundu madogo ya majani, sawasawa na mtu anayetoka jasho. Mchana jasho hilo linakauka na kuwa chembe nyeupe.

Kumbe chembe zile si takataka! Usiku, hewa ikipata unyevu, zinavuta maji, kama chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa mvua. Mwaka 2023, wachunguzi wa chuo kikuu kimoja huko Abu Dhabi walilinganisha tawi la tamariski lenye chumvi yake na tawi lililooshwa. Lile lililooshwa lilishika maji kama sehemu moja ya kumi tu ya lile lingine. Waliona pia kwamba moja ya chumvi zile inavuta maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 55 tu. Kitu kilichotolewa inje juu ya ubaya wake kinasaidia kuleta maji.

INAANGUKIA NANI?

Lakini tusisifu tu. Chumvi ya tamariski inaanguka chini pamoja na majani yake, na mwaka kwa mwaka udongo wa chini yake unakuwa mkali. Mimea mingine midogo inashindwa kuota pale. Mti wenyewe umepona, jirani yake anakauka.

Wazazi, hapa tujiangalie. Mshahara unakawia, mgonjwa yuko nyumbani, mkubwa wa kazi ametukana. Chumvi hiyo imeingia, hatuwezi kusema haiko. Kijiti hakijifanyi kwamba udongo ni mtamu. Kinatafuta pahali pa kuiweka chumvi. Sisi tunaiweka wapi? Baba anayeimwaga yote mezani, juu ya mama na watoto, anapata nafuu saa moja, lakini chini yake hakuna kitakachoota. Afazali kuipeleka kwa Mungu katika sala, kwa rafiki mwaminifu, kwa mchungaji, kwa mzee wa jamaa anayejua kunyamaza.

Vijana, na ninyi pia. Udongo hatukuuchagua. Lakini pahali pa kuweka chumvi yake, hapo kila mtu ana neno la kusema.