Ukikanyaga Klachi, Kelele Inakuja au Inaondoka?

Leo naweka kantangaze na mbolea pembeni, tuongelee pikapu. Najua mimi ni bwana shamba, sio fundi gereji. Lakini msimu huu nimeshuhudia nyanya nzuri kabisa zikiharibika, na hakuna mdudu wala ugonjwa uliohusika. Gari tu ndiyo iligoma.

Ni vijana wanne ninaowahudumia huku Ilula, wilaya ya Kilolo. Walichanga wakanunua pikapu ya mtumba, gia za mkono, kwa kazi moja: kutoa matenga bondeni na kuyapandisha mpaka barabara kuu ya Iringa kwenda Dar, ambako fuso zinapakia. Kama kilomita 9 hivi za vumbi na vilima. Wakiwa kwenye mchumo wa tatu, gari ikaanza kulia, sauti nyembamba kama mnyororo wa baiskeli uliokauka. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili akatoa hukumu: giaboksi imekufa, tafuteni nyingine ya mtumba, andaeni shilingi 900,000. Wakanipigia simu, na mimi nikakosea vilevile. Nikawaambia labda oili ya gia imepungua, ongezeni. Wakaongeza, sauti ikabaki palepale.

Siku tatu zikapita wanakodi gari ya jirani, kwa bei ya jirani. Nyanya zilizokuwa zinaanza kubadilika rangi zikawa nyekundu tii, na mnajua wenyewe mnunuzi wa kupeleka Dar anavyoiangalia nyanya iliyoiva hivyo. Matenga 11 yaliuzwa kwa bei ya kutupa.

Aliyewatoa hapo ni dereva mmoja wa fuso, mtu mzima. Hakufungua hata boneti. Aliuliza tu, "Ukikanyaga klachi, kelele inakuja au inaondoka?" Wakamjibu inakuja. "Basi giaboksi yenu iacheni."

Ilikuwa rilizi beringi. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile hela ya giaboksi.

Lile swali nimelipenda kwa sababu ndivyo tunavyofanya shambani. Nyanya ikinyauka siulizi kwanza dawa gani umepiga. Nauliza majani yalianza kuwa ya njano chini au mmea umelala wote ukiwa bado wa kijani, maana mnyauko fuzari na mnyauko bakteria havitibiki kwa kubahatisha. Na kelele ya gari ni hivyohivyo. Usianze na "inaliaje", anza na "inalia wakati gani".

Ili upate jibu lazima ujue kitu gani kinazunguka na kipi kimesimama. Injini inazungusha flaiwili, na juu ya flaiwili imefungwa presha pleti. Katikati yao imebanwa klachi pleti, ambayo imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Ukiwa hujagusa pedali, vyote hivyo vinazunguka pamoja, na beringi za mbele za giaboksi zinafanya kazi hata kama gari imesimama fri. Ukikanyaga, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha, pleti inaachiwa, na shafti ya giaboksi inasimama. Yaani pedali ni swichi: inawasha rilizi beringi na kuzima giaboksi. Ukishaelewa hapo umemaliza nusu ya kazi.

Jaribu hivi. Simamisha gari sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi, washa injini, weka fri, zima redio. Sikiliza kwanza bila kugusa pedali. Halafu kanyaga taratibu, taratibu sana, mpaka chini.

Kama kulikuwa kimya na sauti imeanza pedali ilipoanza kuwa nzito, mtuhumiwa ni rilizi beringi, kama ya wale vijana. Kama kulikuwa na mvumo tangu mwanzo na umekatika ulipofika chini, hapo ndipo uanze kuogopa, maana kinacholia ni kile kilichosimama: beringi za shafti ya giaboksi. Kabla hujalia na wewe, pima oili, nitaeleza hapo chini.

Kuna moja inayochanganya. Kwenye gari nyingi rilizi beringi inagusa presha muda wote, hata usipokanyaga. Ikichoka, au uma unaoisukuma ukilegea, inagongagonga gari ikiwa sailensa, na ukiweka mguu kidogo tu, kwa uzito wa kandambili, inanyamaza. Kwa hiyo angalia imenyamaza pedali ikiwa wapi. Ikinyamaza kwa kugusa tu ni upande wa klachi. Ikinyamaza pleti ilipoachia ni upande wa giaboksi.

Nyingine ni pailoti beringi, kale kadogo kanakoshika ncha ya shafti ndani ya flaiwili. Kenyewe kanalia pedali ikiwa chini kabisa, hasa ukishaweka gia na gari bado imesimama. Kukatofautisha na rilizi kwa sikio ni kazi, na gari nyingi za kuvuta kwa mbele hazinako kabisa. Usikonde, vyote vinafikiwa kwa kushusha giaboksi mara moja.

Tuje kwenye gia kusaga wakati wa kuingiza. Wengi hapa wanailaumu giaboksi haraka. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka kumi, ndipo uweke rivasi. Ikiingia kimya, haraka yako ndiyo ilikuwa inasaga, maana rivasi za gari nyingi hazina sinkro ya kusawazisha mwendo. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi, ambayo ni haya haya ya breki. Kama yamepungua, yanavujia mahali: masta silinda pale juu ya pedali, au ile silinda ndogo kwenye giaboksi. Inawezekana ni upepo tu umeingia kwenye mpira. Kubadili ripea za silinda na kutoa upepo ni kazi ya nusu siku, wala giaboksi haishushwi. Ila kama gia zote zinaingia safi na moja tu ndiyo inasaga, mara nyingi namba mbili, hapo ni sinkro ya gia hiyo.

Kelele za gari ikiwa kwenye mwendo sitakaa nazo sana, ila shika hili moja. Kwenye pikapu nyingi za kuvuta nyuma zenye gia tano, gia ya nne inapita moja kwa moja bila kubebwa na shafti ya chini. Kama gari inavuma namba moja, mbili, tatu na tano, halafu nne inatulia, fundi akikwambia beringi za shafti ya chini hajakudanganya. Mvumo ukifuata mwendo wa matairi na usijali upo gia gani, hama giaboksi, nenda difu na beringi za magurudumu. Na ule mgongo mmoja, "ko!", unapoachia klachi kuondoka na mzigo, tingisha propela kwa mkono injini ikiwa imezimwa na matairi yamewekewa mawe. Krosi iliyokwisha utaiona inacheza.

Sasa oili. Giaboksi nyingi za pikapu hazina kijiti cha kupimia. Kuna nati ya ubavuni ya kujazia; gari ikiwa tambarare na injini imepoa, ifungue, ingiza kidole. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa chini wa tundu. Ungaunga laini kama masizi kwenye sumaku ya nati ya chini ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha sio kawaida. Na nyie mnaokatiza mito, oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Mwaga siku hiyohiyo, usisubiri mchumo uishe. Aina ya oili fuata kitabu cha gari. GL-5 inaweza kula shaba za sinkro kwenye giaboksi iliyotengenezewa GL-4, kwa hiyo habari ya "hii ni kali zaidi" dukani usiikubali.

Ukienda gereji nenda na majibu, sio na kelele. Mwambie fundi: inakuja nikikanyaga, gari ikiwa fri, imeanza lini. Mwombe akuoneshe kifaa cha zamani. Na giaboksi ikishashuka, usibadili beringi peke yake ili kuokoa hela. Pleti, presha na rilizi viangaliwe vyote, na sili ya nyuma ya injini ikaguliwe kama haivujishii oili kwenye pleti. Hela kubwa ni ya kushusha na kupandisha.

Wale vijana walifanya hivyo. Pleti yao ilikuwa imekwisha mpaka ripiti zinaonekana, kilima kimoja zaidi ingewaacha njiani na mzigo. Fundi wa pili akawaambia beringi iliungua kwa sababu kuna mtu anaendesha huku mguu umelala juu ya pedali. Mpaka leo kila mmoja anamsingizia mwenzake. Mimi nimepanda na wote wanne. Ni wote.