Mbona Ziwa Halijai?

Wajukuu zangu, sogeeni hapa kivulini. Nimesikia muhula huu darasa la tano hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mmejifunza safari ya maji. Jua, mvuke, wingu, mvua, mto. Mmeichora ubaoni, mmeichora daftarini. Kisha binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mto Mutambala unaingia ziwani kila siku. Mto Ruzizi unaingia kila siku. Mbona ziwa halijai?"

Ee, binti yangu, umeuliza! Swali kama hilo halitoki kwa mtu aliyelala. Linatoka kwa mtu anayetazama.

Tena si wewe wa kwanza. Mwaka 1858 wasafiri wawili wa Uingereza, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta maji ya ziwa yanatoka kupitia wapi. Waliulizana: Ruzizi inaingia ziwani au inatoka? Vijana wa Uvira wakawaambia wazi kwamba inaingia. Wao walikuwa wakiiona tangu utoto wao! Lakini huko Ulaya mabishano hayakuisha. Mwaka 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, wakapiga makasia mpaka ncha ya kaskazini, wakayaona maji ya Ruzizi yakiingia. Ikawa vilevile kama walivyosema wenyeji.

Basi, ikiwa Ruzizi inaingia, maji yanatoka ziwani kupitia wapi?

Tazameni nyungu ya bibi iliyoachwa wazi uani. Ina ufa mdogo karibu na mdomo. Mvua ikinyesha, inajaa. Maji yakifika kwenye ufa, yanachuruzika nje. Jua likiwaka, linayanywa kwa juu, taratibu, bila kelele. Ziwa Tanganyika ni nyungu hiyo. Ni nyungu kubwa: urefu wake unazidi kilomita 650, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ziwa moja tu linalipita kwa kina, Baikal la Urusi.

"Na ufa wake uko wapi, babu?"

Uko kusini kwetu, Kalemie. Unaitwa mto Lukuga. Mito mingi inaingia Tanganyika, lakini unaotoka ni Lukuga peke yake.

Sasa tulisikilize tone moja la maji. Nyamazeni kidogo, sauti yake ni ndogo.

"Mimi ni tone," linasema. "Nilianguka na mvua milimani, nikateremka na Mutambala, nikaingia ziwani. Nikawakuta wenzangu kutoka Burundi, kutoka Tanzania, kutoka Zambia. Nikawauliza: tunakwenda wapi? Wengi wakanionyesha juu. Jua linatunyanyua, wakasema. Tunakuwa mvuke, tunakuwa wingu, tunaanguka tena. Wachache tu wakaonyesha kusini. Sisi tunakwenda Lukuga, wakasema. Kutoka Lukuga tunaingia Lualaba, karibu na Kabalo. Tutapita Kindu, tutapita Kisangani, na hapo mto utaitwa Kongo. Tutapita Kinshasa. Mwisho wetu ni Banana, kwenye bahari ya Atlantiki."

Mmesikia? Wengi juu, wachache kusini. Ukihesabu ndoo kumi za maji yanayotoka ziwani, karibu tisa zimenywewa na jua. Ile moja inayobaki ndiyo ya Lukuga. Mimi hilo hunishangaza kuliko kina chote cha ziwa. Jua la kila siku, lile linalokausha ndagala wa mama mchangani, ndilo linalozuia ziwa lisijae.

"Je, ufa ukizibwa?"

Aa, mmeniwahi! Uliwahi kuzibwa. Msafiri Cameron aliufikia mdomo wa Lukuga mwaka 1874, akaukuta umejaa majani na matope. Maji hayakuwa na njia nzuri. Ziwa likapanda mwaka baada ya mwaka. Karibu na mwaka 1878 maji yakaivunja ile takataka, yakatoka kwa nguvu. Kisha ziwa likashuka, likashuka, kwa mita nyingi. Mkifika Ujiji, ng'ambo, nchini Tanzania, mtaona mnara wa mahali Livingstone na Stanley walipokutana. Wakati ule maji yalikuwa jirani. Leo ufuko uko mbali.

Na sasa jambo ambalo baadhi yenu mnalijua kwa miguu yenu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda. Huko Uvira, huko Kalemie, na hapa kwetu Baraka, maji yaliingia katika nyumba za watu wa ufukoni. Mtoto mmoja aliniuliza: "Babu, ziwa lilikasirika?" Hapana, mwanangu. Ziwa halikumkasirikia mtu. Mvua zilizidi. Mito ilileta maji mengi kuliko jua lilivyoweza kunywa, na ule ufa wa Lukuga ni mwembamba, haukuweza kuyatoa kwa haraka. Nyungu ikajaa, nyumba zikalowa. Waliohama walipoteza vitu vyao, nasi tusiwacheke wala tusiwasahau.

"Tutajuaje kama linapanda tena?"

Kwa kupima. Kwa kawaida ziwa hupanda wakati wa mvua na kufika juu karibu na Mei. Kiangazi jua hulinywa, likashuka mpaka karibu na Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mwombeni mwalimu awapeleke ufukoni pamoja na mvuvi mtu mzima. Msiende peke yenu. Tafuteni mti imara uliosimama majini, uchoreeni mistari kwa rangi, kila mstari sentimita tano kutoka kwa mwenzake. Kila Jumamosi andikeni maji yamefika mstari gani, na kama wiki hiyo mvua ilinyesha. Asubuhi ni bora, kabla upepo haujaleta mawimbi. Mwakani, mkiwa darasa la sita, fanyeni vivyo hivyo kwa mti uleule, na wa tano watakaowafuata nao pia. Mkiwa na karatasi za miaka mitatu, nileteeni tuzisome pamoja. Na wewe binti uliyeuliza, kalamu ya kwanza ishike wewe.