Shosho Alishinda Kansa, Mbona Sasa Anasahau Sufuria kwa Jiko?

Shosho amemaliza kemo, madaktari wamesema ako poa, familia imechinja mbuzi. Miezi mitatu baadaye anaunguza chai, anakuita jina ya anko yako, na kutoka kitanda hadi geti ni safari. Mnasema "ni uzee tu." Zii, tulia kidogo.

Kemo inaua seli za kansa, lakini inaweza kuacha akili ikiwa nzito: kusahau, kukosa maneno, kushindwa kufuata stori. Kwa wengi inapungua siku zikisonga. Kwa mtu wa miaka 70 inaweza kukawia, haswa kama mwili pia umeisha.

Na huko kuisha kuna vipimo. Tangu 2001 watafiti huangalia vitu tano: kukonda bila kutaka, kuchoka kila saa, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole, na kukaa tu. Ukiwa na tatu, unahesabiwa dhaifu. Hapo kuanguka mara moja tu ni noma.

So usimfanyie kila kitu, hata kama unampenda aje. Tembea naye hadi dukani, ainuke kwa kiti mara kadhaa ukiwa karibu, ale mayai na ndengu.

Kliniki, ingia naye. Wewe ndio useme anasahau, juu yeye atasema ako fiti. Bebeni dawa zake zote. Zingine za usingizi na maumivu huvuruga akili. Kuna jaribio la dakika tatu hivi: akumbuke maneno matatu, achore saa ikisoma saa tano na dakika kumi. Karatasi na kalamu tu.