BLOGU NA FAIDA YAKE DARASANI

Somo letu la leo lahusu blogu.

Blogu ni nini? Ni daftari la habari lililowekwa kwenye intaneti. Mwenyewe huandika habari na kuitia tarehe. Iliyo mpya hukaa juu ya zile za zamani, na wasomaji huweza kujibu chini yake. Jambo hili lilienea tangu mwaka 1999, zilipotokea programu za kumwezesha hata asiye fundi kuandika.

Yafaa nini shuleni? Fikirini insha ya mtoto. Mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu, na habari yake imekwisha. Lakini mtoto akijua kwamba watoto wa shule nyingine wataisoma na kumwuliza maswali, ataipitia mara mbili kabla ya kuitoa.

Fikira hii si ngeni. Katika miaka ya 1920 huko Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliwapa wanafunzi wake mtambo mdogo wa kupiga chapa. Walichapa habari za kijiji chao, wakabadilishana na shule ya mbali.

Lakini angalieni: blogu yaweza kusomwa na dunia nzima. Mtoto asiandike jina lake kamili wala mahali anapokaa. Mwalimu asome kila habari, na kila jibu, kabla ya kuonekana.

Zoezi: Kama hamna kompyuta, anzeni ukutani. Bandikeni insha moja kila juma, na chini yake karatasi tupu ya majibu.