Je, Wajua? Namna Wanaume Wanavyooneshana Upendo

Je, wajua kwamba Aprili 2005 picha ya wanaume wawili walioshikana mikono ilizua gumzo Marekani? Rais George W. Bush alikuwa amempokea Mwanamfalme Abdullah wa Saudi Arabia kwenye shamba lake la Crawford, Texas, wakatembea mkono kwa mkono. Kwa Mwarabu wa Ghuba hapakuwa na la ajabu. Hata mtu wa Kariakoo au wa Mombasa asingegeuza shingo, maana huku rafiki hukushika mkono kukusalimu na asiuachie mpaka habari za nyumbani ziishe. Oman, wanaume husalimiana hata kwa kugusanisha pua.

Na Wamarekani wenyewe hawakuwa hivyo tangu zamani. Abraham Lincoln alipohamia Springfield mwaka 1837, wakili asiye na fedha za kununulia matandiko, mwenye duka Joshua Speed alimkaribisha chumbani kwake orofani. Walilala kitanda kimoja kwa takriban miaka minne, jambo la kawaida enzi zile, na Speed aliporudi Kentucky wakaandikiana barua za kufunguliana moyo kuhusu hofu zao za kuoa. Picha za studio za karne ya 19 nchini humo zinaonesha marafiki wa kiume waliokumbatiana, pengine mmoja amekaa mapajani mwa mwenzake. Aibu tunayoidhani ya maumbile imekuja na wakati, nami naamini yaweza kuondoka na wakati.

Unyamwezi, urafiki uliweza kufungwa kwa damu. Mwaka 1876 Mtemi Mirambo, aliyeogopwa katika njia za misafara, alichanjiana na msafiri Henry Morton Stanley. Manwa Sera, mkuu wa watu wa Stanley, aliwachanja mguu wa kulia, akazibadilisha damu zao, kisha akatamka laana zitakazomfika atakayevunja udugu huo. Kila mmoja alikuwa na haja zake za kisiasa, ni kweli. Lakini desturi yenyewe ilienea Afrika Mashariki na Kati, na ndugu wa kuchanjiana alidaiwa hifadhi, chakula na msaada kama ndugu wa tumbo moja.

Kwangu mimi, hata hivyo, hakuna linalofikia utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao wanataniana, na misafara iliyoshuka pwani ndiyo iliyowakutanisha. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanga, alivutiwa na mambo haya hata akayaandikia makala mwaka 1944.

Utani si wa wanaume peke yao, ila mtazame mtani mwanaume msibani. Mfiwa amekaa mkekani, amekaza uso kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa mwanaume halii. Mtani anaingia amevaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake, anamwita mchoyo aliyekimbia madeni. Kaburi likishachimbwa, anaweza kujilaza ndani na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Waombolezaji wanacheka, mfiwa naye anacheka, halafu machozi yaliyokwama yanapata njia na hakuna anayemwona dhaifu. Na mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe kaburini, ndiye anayehangaika na kuni na maji. Sijui rambirambi ya maneno inayoweza kufanya kazi hiyo.

Australia wamebuni karakana za wanaume, ambamo wastaafu hukutana kuranda mbao na kutengeneza viti. Shabaha ni kupunguza upweke. Waanzilishi waliona kwamba wanaume wengi hawafunguki wakikalishwa uso kwa uso, bali wakiwa bega kwa bega, mikono ikiwa kazini. Mpango huo umeenea hadi Ireland na Uingereza. Wacheza bao wa barazani Lamu na Unguja wanalifahamu hilo siku nyingi: kete zinaendelea kusambazwa huku mtu akitaja ugonjwa wa mkewe.

Jambo la mwisho linatoka msitu wa Kibale, Uganda. Watafiti waliwafuatilia sokwe madume 21 kwa miaka 20, jumla ya saa zipatazo 78,000, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Madume vijana mara nyingi walijipendekeza kwa wenzao wasiowajali. Waliozeeka waliwachagua wale wanaowapenda nao pia, wakatumia muda wao kukaa nao na kuchambuana manyoya, na ugomvi ukapungua.