Majina marefu ya mafaili yaweza kukupotezea stakabadhi

Shughuli za Bandari ya Tanga zimeongezeka tangu kina cha gati kilipofikishwa mita 13 na meli kubwa kuanza kufunga gatini, badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari. Mizigo ikiongezeka, karatasi nazo huongezeka: ankara, hati za shehena, stakabadhi za ushuru. Wafanyabiashara wengi sasa huzihifadhi ndani ya kompyuta. Wiki hii tunaacha bei kando ili tuangalie kasoro moja inayoweza kumgharimu mfanyabiashara kuliko kupanda kwa nauli ya meli.

Kompyuta ya Windows hutambua kila faili kwa anwani yake kamili, yaani herufi ya diski, folda zote zilizomo moja ndani ya nyingine, na mwisho jina la faili lenyewe. Programu ya kupanga mafaili, File Explorer, kwa kawaida haipokei anwani inayozidi nafasi 260, na moja kati ya hizo huliwa na alama ya kumalizia isiyoonekana. Mtumiaji anabakiwa na 259. Kila herufi huhesabiwa, kila tarakimu, hata pengo kati ya neno na neno.

Wakati wa DOS jambo hili halikumsumbua mtu, maana jina halikuzidi herufi 8, nukta, na herufi 3 za mwisho. Windows 95 ikaruhusu jina la hadi herufi 255, makarani wakafurahi, lakini kikomo cha anwani nzima kikabaki pale pale. Nacho Kiswahili hakina haya ya neno refu: "Iliyoagizwa" peke yake ni herufi 11.

Tuchukue mfano wa duka la Ngamiani. Karani amepanga hivi katika diski D: "Kumbukumbu za Ofisi", ndani yake "Bandari ya Tanga", kisha "Mwaka wa Fedha 2023-2024", "Mizigo Iliyoagizwa kutoka Nje", "Robo ya Tatu Januari hadi Machi", "Nyaraka za Forodha na Ushuru Uliolipwa", na mwisho faili "Stakabadhi ya malipo.pdf". Ukihesabu, anwani nzima ni nafasi 190. Hakuna tatizo.

Tajiri ananunua kompyuta mpya. Karani anahamisha kila kitu kwenye folda ya Documents ya mtumiaji aitwaye Mhasibu, ndani ya folda mpya "Nakala ya Kompyuta ya Zamani ya Duka la Barabara ya 12". Anwani ile ile sasa ni nafasi 269. Faili halijabadilika hata herufi moja, ila halipiti tena.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kompyuta inatoa onyo kwamba jina ni refu mno, na chini yake kuna kitufe kilichoandikwa "Skip", yaani ruka. Karani ana haraka, anabonyeza, tena kwa mafaili yote yanayofanana. Kazi inaonekana imekwisha. Kompyuta ya zamani inafutwa na kuuzwa. Yaliyorukwa ni yale yaliyopangwa kwa uangalifu zaidi, ndani kabisa, na mara nyingi hayo ndiyo ya forodha.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na pingamizi dhidi ya makadirio hutolewa ndani ya siku 30. Asiye na stakabadhi atapinga kwa maneno tu.

Mwaka 2016 Windows 10 iliongezewa mpangilio wa kuondoa kikomo hicho. Tusiutegemee sana, kwa sababu kila programu lazima iwe imeandikwa kuupokea, na File Explorer yenyewe bado hukwama.

Dawa ya bei nafuu ni kufupisha majina ya folda za juu. Ile ya Barabara ya 12 ikiitwa "Duka12" tu, nafasi 48 zinaokolewa na anwani inarudi 221. Hata faili lililokwisha kukwama huokolewa hivyo: usihangaike na jina lake, fupisha folda ya juu kabisa kwanza. Ikishindikana, programu ya 7-Zip, isiyolipiwa, huweza kufikia mengi ambayo File Explorer haiyafikii.

Mwenye hisa mdogo naye yumo, hasa aliyeanza na Tanga Cement ilipoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002 na kuhifadhi picha za hati zake za ununuzi na gawio kila mwaka katika folda yake.

Kabla ya kufuta diski ya zamani, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", usome idadi ya mafaili. Fanya hivyo hivyo kwenye folda mpya. Upande mmoja ukisema 4,812 na mwingine 4,790, kompyuta ya zamani isitoke dukani.