Dawa Kabla ya Kung'oa Jino: Kinga ya Wachache, Si Desturi ya Wote



Katika mtaa wa Kasubi, kando ya barabara itokayo Kampala kuelekea Hoima, kama ilivyo katika mitaa mingi ya nchi yetu, mtu aumwaye na jino aghalabu hupita kwanza kwenye duka la dawa. Hununua vidonge viwili vitatu vya amoksilini, akavimeza, ndipo aende kung'olewa jino akiamini kwamba amejikinga. Hapana budi tujiulize: anajikinga na nini?

Jino ling'olewapo, fizi hujeruhiwa na vijidudu vya kinywani huingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, mwili wenyewe huviangamiza kwa muda mfupi. Lakini kwa mtu mwenye vali bandia moyoni, vijidudu hivyo vyaweza kunasa hapo, vikaongezeka na kuiharibu. Ugonjwa huo huhitaji dawa za kupitishwa mshipani kwa majuma kadhaa, na usipotibiwa huua.

Mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilianza kushauri dawa ya kinga kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 2007 chama hicho kilipunguza sana orodha yake, kwa kuwa ilidhihirika kwamba hata kutafuna chakula na kupiga mswaki huingiza vijidudu katika damu kila siku. Waliobaki ni wenye vali bandia, waliowahi kuugua uambukizo huo wa moyo, wenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa, na baadhi ya waliopandikizwa moyo. Mtu mzima wa kundi hili hupewa dozi moja tu, kwa kawaida gramu 2 za amoksilini, nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi. Asiyepatana na penisilini hupewa dawa nyingine.

Jambo hili latuhusu sana, kwa sababu hapa Uganda vali nyingi huharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza kwa maumivu ya koo utotoni. Katika utafiti uliofanywa Gulu kwa watoto 818 wenye dalili za mwanzo, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 8.2 ya wasiopewa kinga, lakini kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021. Sindano hiyo ni kinga ya homa ya rumatiki, wala haichukui nafasi ya dozi ya kabla ya kung'oa jino. Anayedungwa sharti amwambie daktari wa meno, maana vijidudu vya kinywa chake huenda vimeizoea penisilini, ikahitajika dawa ya aina nyingine.

Kwa wengine wote, vidonge vya kujinunulia ni hasara. Haviondoi usaha uliojaa chini ya jino, vyaweza kumdhuru asiyepatana navyo, na huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa.

Askari hafyatui risasi ovyo kwa kuwa tu anayo bunduki. Huitunza kwa siku ya haja. Dawa nazo ni vivyo hivyo. Lakini askari ambaye yeye au mwanawe amewekewa vali asinyamaze kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Kabla ya kukaa katika kiti cha daktari wa meno, aseme. Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi sote tupige mswaki mara mbili kila siku, tusingoje jino lioze.